Barua ya Wazi: Okoeni Majina ya Waliopiga Muziki Wetu Kabla Kanda Hazijanyamaza

Kwa Waziri mwenye dhamana ya uchumi wa ubunifu. Kwa wasimamizi wa Shirika la Utangazaji la Kenya, Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Na kwa Mkurugenzi wa Nyaraka za Kitaifa.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka chumba kidogo cha ghorofa ya pili, hatua chache kutoka River Road, ambako kwa miaka mingi nimejipatia riziki kwa kuhamisha sauti kutoka kwenye kaseti, santuri na kanda za rili hadi kwenye flashi na simu za wateja wangu. Watu huniletea kanda za harusi, za mahubiri na za matanga, na wengi huniletea muziki. Ninayoyaeleza humu nimeyasikia kwa masikio yangu, kanda baada ya kanda, na ninawaomba myasome hadi mwisho kwa sababu jambo lenyewe lina muda wake, na muda huo unayoyoma.

Miezi michache iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Kayole akiwa ameifunga kaseti ndani ya leso kama mtu aliyebeba yai. Marehemu mume wake alikuwa mpiga gitaa la besi katika bendi moja ya hapa mjini, na kaseti ile ilikuwa na nyimbo sita walizorekodi mwishoni mwa miaka ya 1970. Sitaitaja bendi wala nyimbo zenyewe, kwa kuwa mama hakuniruhusu. Nilipoiweka kwenye mashine ikapiga ukelele mwembamba, kisha ikasimama. Nikafungua skrubu zake tano. Kile kipande kidogo cha sufi kinachousukuma utepe ukutane na kichwa cha kusomea kilikuwa kimebanduka, na utepe wenyewe ulikuwa umeanza kuacha unga wa kahawia kwenye vidole vyangu. Unga huo, Waheshimiwa, ndio muziki. Sauti ya kaseti hukaa katika chembe za chuma zilizoshikizwa kwa gundi juu ya utepe wa plastiki, na gundi ikishakunywa unyevu kwa miaka arobaini huanza kulegea, chembe zikabanduka pamoja na sauti iliyo ndani yake.

Niliuhamishia utepe ule kwenye ganda jipya, nikauzungusha kwa penseli taratibu, nikaucheza mara moja tu huku nikirekodi, maana sikuwa na hakika kwamba ungestahimili mara ya pili. Besi ikaja. Mama akakaa kimya, kidole chake kikigonga goti kwa kufuata nyuzi. Wimbo wa tatu ulipofika katikati akasema, "Hapa alikosea. Wakauacha hivyo hivyo kwa sababu saa zao za studio zilikuwa zimekwisha."

Kilichomleta kwangu hakikuwa kukosa kuusikia wimbo huo. Mwanawe alikuwa amekwisha kumwonyesha kwamba upo kwenye simu, tena umewekwa mara tatu na watu watatu tofauti. Wa kwanza ameupa jina la bendi nyingine kabisa. Wa pili ameandika kwamba ni wimbo wa Kongo. Wa tatu ameandika neno "zilizopendwa" na mwaka wa kubahatisha, na chini yake msikilizaji wa mbali ameuliza nani anayepiga besi tamu hivyo. Mama alitaka nimsaidie kujibu swali hilo kwa namna ambayo haitafutika. Sikuweza. Ninaandika barua hii kwa sababu nyinyi mnaweza.

Sina ugomvi na teknolojia ya dijitali, nayo ndiyo inayonilisha. Tangu nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009 na bei ya intaneti ikaanza kushuka, nimeona kijana wa Githurai akiusikiliza wimbo ambao baba yake aliutafuta maduka yote ya Luthuli bila kuupata. Spotify iliingia Kenya mwaka 2021, na Boomplay na Mdundo zilikuwa zimeitangulia. YouTube kwa watu wengi ndiyo redio, ndiyo duka, ndiyo kabati la santuri. Zamani aliyetaka wimbo wake uchezwe alinunua kadi ya salamu, akaijaza majina ya jamaa na marafiki, akaituma kwa posta, kisha akakaa karibu na redio wiki nzima akingoja. Leo anagusa kioo. Ndani ya matatu ya jioni, mbali na ule muziki wa dereva unaotetemesha viti, abiria wamekaa kila mmoja na spika zake ndogo masikioni, kila mmoja na bendi yake. Ni neema, na sitaki mtu yeyote airudishe nyuma.

Lakini katika kuhama huko kuna kitu kilichoanguka njiani, nacho ni jina. Chukueni santuri ndogo, zile zilizozunguka mara 45 kwa dakika. Katikati yake kulikuwa na duara la karatasi, na juu ya duara hilo palichapishwa jina la wimbo, jina la bendi, jina la mtunzi katika mabano, jina la kampuni na nambari ya rekodi. Mtangazaji wa Sauti ya Kenya, redio ya taifa ya wakati huo, alipoiweka santuri hiyo aliyasoma hayo kwa sauti kabla ya sindano kushuka, na nchi nzima ikajua nani kaimba nini. Kaseti ilipokuja, jalada lake la karatasi lilibeba majina hayo, angalau kaseti halali, kwa maana uharamia wa kaseti ndio uliozikausha kampuni za rekodi za River Road na kuwafanya wenye kampuni kubwa za nje wafunge virago. Nakala ya wizi ilikuwa na jalada la fotokopi, na majina yakaanza kufifia tangu hapo.

Kisha ikaja MP3. Faili hilo lilipendwa kwa sababu ni dogo: kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde, wimbo hupungua hadi karibu sehemu moja ya kumi na moja ya ukubwa wake kwenye CD, na memori kadi ya gigabaiti 1 ikabeba nyimbo zaidi ya mia mbili. Msikilizaji wa kawaida hajui kwamba maelezo ya kwanza yaliyobuniwa kuambatana na faili hilo yalikuwa na nafasi ya baiti 128 tu: herufi 30 za jina la wimbo, herufi 30 za msanii, herufi 30 za albamu, nne za mwaka, na nyingine 30 za maoni. Mtunzi hakuwekewa nafasi kabisa, wala mpiga gitaa. Mifumo iliyofuata iliongeza nafasi ya mtunzi, lakini vijana waliojaza nyimbo kwenye memori kadi za wateja huko Luthuli hawakuwa na muda wa kuijaza, na sitawalaumu, kwa kuwa hata mimi nilipoanza kazi hii niliwapa wateja mafaili yaliyoandikwa "Track 01", "Track 02", na hakuna aliyelalamika. Ninajuta. Kuna muziki niliouhamisha ambao mimi ndiye niliyeutenga na majina yake, na wenye kanda wamekwisha kutangulia mbele za haki.

Mtaniuliza jina lina umuhimu gani ikiwa wimbo unasikika. Jibu la kwanza ni pesa, nalo linajulikana. Majukwaa mengi ya kusikiliza muziki hukusanya mapato katika kapu moja na kuyagawa kulingana na idadi ya mara ambazo kila rekodi imechezwa, kisha fungu hilo hupelekwa kwa yule aliyeorodheshwa kuwa mwenye haki. Kompyuta haimjui mjane wa Kayole. Inalijua jina lililoandikwa kwenye fomu. Yeyote atakayekuwa wa kwanza kuisajili rekodi ya zamani kwa jina lake, hata kama aliinakili kutoka santuri ya kununua mtumba, ndiye atakayelipwa hadi mwenyewe ajitokeze na ushahidi. Na ushahidi wenyewe ni ule unga niliofuta kwenye vidole vyangu. Bunge lilifanya jambo jema lilipoandika katika Sheria ya Hakimiliki kwamba asilimia 52 ya mapato ya nyimbo anazosikia mpigaji anapongoja simu ipokewe ni ya msanii au mwenye hakimiliki. Lakini asilimia 52 ya wimbo usio na mwenyewe humfikia nani?

Jibu la pili ndilo linaloniuma zaidi, nalo ni la raha yenyewe ya muziki. Mtu akiupenda wimbo hutaka kujua mwimbaji ni nani, ametoka wapi, aliimba nini kingine, nani alimfundisha gitaa. Hivyo ndivyo mapenzi ya muziki yanavyokua kutoka wimbo mmoja hadi mia. Simu ya leo inaweza kufanya kazi hiyo vizuri kuliko mtangazaji yeyote, ikiwa imeambiwa ukweli. Fikirieni zile bendi zetu zenye jina la Wanyika. Ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga wakaja hapa Nairobi na Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wakajitenga wakaunda Les Wanyika. Issa Juma naye akawa na Super Wanyika. Ni bendi tatu zenye ladha tatu na historia ya kuachana na kushindana, na ushindani huo ndio uliowafanya wapige vile. Kwenye mafaili ninayoletewa zote zimekuwa "Wanyika", na kijana anayesikiliza hana namna ya kujua kwamba anasikia mabishano ya marafiki waliogawana gitaa na mashabiki. Vivyo hivyo Orchestra Super Mazembe, waliotoka Kongo wakafanya makao yao hapa katikati ya miaka ya 1970. Walikuja kwa sababu mji huu ulikuwa na studio, kampuni za rekodi na kiwanda cha kuchapa santuri. Nairobi ilikuwa jikoni mwa muziki wa Afrika Mashariki yote. Leo jiko hilo halina hata daftari la walioupika.

Sasa niingie katika lile lenye haraka. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na shirika la kimataifa la wahifadhi wa sauti na picha, ilitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku duniani kote. Wataalamu walikuwa wamekadiria kwamba kufikia karibu na mwaka 2025 mashine za kuchezea kanda hizo, vipuri vyake na mafundi wake wangekuwa wameadimika kiasi kwamba kanda ambayo haijahamishwa ingekuwa vigumu mno kuokolewa, hata kama yenyewe ni nzima. Mwaka huo umekwisha kufika. Mimi nina mashine mbili za kaseti ninazoziamini na moja ya rili. Mshipi wa mpira wa mojawapo ulipokatika niliutafuta mji mzima, mwishowe nikautoa kwenye mashine iliyokufa ya fundi mwenzangu aliyekwisha kuacha kazi. Siku mashine hiyo ya rili itakapokufa, wateja wangu wenye rili nitawapeleka wapi?

Mimi ni mtu mmoja mwenye meza moja. Nyinyi mna maghala. Shirika la utangazaji la taifa limerithi rekodi za Sauti ya Kenya na za waliotangulia kabla yake: santuri, kanda za vipindi, bendi zilizorekodiwa studioni mwa serikali kwa gharama ya mlipakodi. Hazina hiyo ni mali ya wananchi, na Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 11 inaitaka serikali ikuze utamaduni wa taifa kwa njia zote, maktaba na urithi wa kitamaduni vikitajwa humo, na katika Kifungu cha 40 inaitaka ilinde haki za ubunifu za watu wa Kenya. Kwa hiyo ninachoomba kimekwisha kuandikwa katika sheria kuu.

Ninaomba kwanza orodha. Kabla ya mashine yoyote kununuliwa, wekeni hadharani orodha ya kila santuri na kila kanda ya muziki iliyo katika maghala ya umma, iwe ni ya utangazaji, ya Tume ya Muziki au ya Nyaraka za Kitaifa, pamoja na kila kilichoandikwa juu ya jalada na duara lake, na raia aweze kuifungua kwa simu bila malipo na bila barua ya utambulisho. Ninasisitiza hilo la barua kwa sababu niliwahi kwenda katika ofisi moja ya umma kuuliza tu kama wanayo nakala ya wimbo fulani, nikazungushwa kutoka dirisha hadi dirisha kwa siku tatu, na jibu la mwisho lilikuwa kwamba mwenye ufunguo yuko likizoni. Orodha haihitaji ufunguo. Picha ya duara la santuri iliyopigwa kwa simu ya kawaida inatosha kuokoa jina la mtunzi hata kama sauti yenyewe itangoja.

Kisha uhamishaji wenyewe. Nimewasikia watu wakisema kazi hiyo ni kubwa mno, haiwezekani. Hebu tuhesabu pamoja. Kwa kiwango ambacho wahifadhi wa sauti wanakipendekeza, yaani sauti kupimwa mara 96,000 kwa sekunde, kila kipimo kwa biti 24, saa moja ya muziki huchukua takriban gigabaiti 2. Saa 1,000 ni terabaiti 2, na diski ya ukubwa huo inaenea kiganjani. Kwa hiyo mahali pa kuweka hapajawahi kuwa tatizo. Kinachohitajika ni masikio na subira, kwa sababu kanda ya saa moja huhamishwa kwa saa moja, hakuna njia ya mkato. Mtu mmoja mwenye mashine moja nzima, akifanya saa tano kwa siku, atamaliza saa hizo 1,000 kwa siku 200 za kazi. Wekeni watu sita. Vijana waliosomea uhandisi wa sauti wako mjini humu wanatafuta kazi, na wazee wanaojua kuitega mashine ya rili wako hai bado, baadhi yao. Wakutanisheni.

Waajirini wazee hao pia kwa ajili ya lile ambalo duara la santuri halikulibeba. Lazima niseme ukweli: hata zamani majina ya wapigaji wote hayakuandikwa. Liliandikwa la bendi na la mtunzi; mpiga ngoma na mpiga tarumbeta walibaki ndani ya vichwa vya waliokuwapo studioni. Mjane wangu wa Kayole anajua kosa la besi katika wimbo wa tatu, na hakuna ghala lolote la serikali lenye habari hiyo. Mketisheni mtu kama yeye mbele ya spika, mchezeeni wimbo, mwandike anachosema.

Kuhusu sheria, mlango uko wazi kuliko inavyodhaniwa. Hakimiliki ya rekodi ya sauti nchini Kenya hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo rekodi zilizofanywa mwaka 1974 na kabla ya hapo muda wake umekwisha. Utunzi wenyewe hulindwa hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, na haki hiyo ni lazima iheshimiwe na ilipwe. Ndiyo maana kumtambua mtunzi ni hatua ya kwanza. Bodi ya Hakimiliki, iliyoundwa kwa sheria ya 2001, ina nguvu ambazo mjane hana. Ninaiomba ifungue dawati moja ambalo familia ya mwanamuziki inaweza kuleta kaseti, picha na vyeti, na dawati hilo lizungumze na majukwaa ya kimataifa kwa niaba yao ili jina lililokosewa lirekebishwe. Mtoto wa Kayole akiwaandikia peke yake hujibiwa na mashine.

Tunajua jambo hili linawezekana kwa sababu watu binafsi wamelifanya. Ketebul Music wamefuatilia na kuhifadhi historia ya benga na mitindo mingine ya humu nchini. Mwanamuziki mkongwe Joseph Kamaru alipofariki mwaka 2018 aliacha kazi nyingi mno, na mjukuu wake, ambaye naye ni mwanamuziki, amekuwa akizihamisha nyimbo za babu yake na kuzitoa upya mtandaoni kwa jina halisi la babu huyo. Nilipozisikia nilifurahi, kisha nikawaza juu ya wanamuziki ambao hawakujaliwa mjukuu wa namna hiyo.

Na muziki ukishaokolewa, msiufungie tena. Maktaba za umma za Kaloleni na Makadara ziko katikati ya mitaa walikoishi wengi wa wapigaji hawa na wasikilizaji wao. Kompyuta mbili katika kila maktaba, spika nzuri na kiti cha starehe vingetosha kwa mtoto aliyemaliza shule kuja kusikiliza bila kutumia bando lake, na kusoma kando ya wimbo majina ya watu wote walioupiga.

Mama wa Kayole aliondoka na flashi yenye nyimbo sita. Safari hii nilijaza kila nafasi: wimbo, bendi, mtunzi, na katika sehemu ya maoni nikaandika nani alipiga nini, kama alivyonitajia, akiniendelezea herufi moja moja. Kaseti yake ameniachia niitunze mahali pakavu. Kwenye rafu hiyo hiyo nina kaseti nyingine zaidi ya mia tatu ambazo wenyewe hawakurudi, nyingi hazina jalada, na ninaijaribu moja kila jioni kabla ya kufunga. Mkiamua kuanza, ninajitolea kuleta zote, pamoja na mashine zangu tatu na mikono yangu, siku mtakayoitaja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhamishaji wa kanda,
Nairobi